Jarrell au Thompson, fidla au banjo: uanzie wapi muziki wa kale wa milima ya Appalachia

Mwaka huu nimeulizwa swali lilelile na watu wawili. Mmoja yuko Nairobi, mwingine ni mtu wa Tanga ambaye tunakaa mtaa mmoja hapa North Carolina. Wote wawili walisikia fidla na banjo zikipigwa pamoja, bila spika wala ngoma, wakashikwa. Wanauliza: nikitaka kuujua muziki huu nianze kumsikiliza nani? Na nikitaka kushika ala, nishike ipi? Niliwajibu juu juu kwenye simu, na tangu siku hiyo jibu langu linanisumbua, maana swali lilistahili zaidi ya dakika tano. Hapa nalijibu kwa kuwalinganisha wazee wawili wapiga fidla wa North Carolina, Tommy Jarrell na Joe Thompson, halafu ala zenyewe, fidla na banjo.

Tuelewane kwanza ni muziki upi. Kwa waliokua na sauti ya Jim Reeves redioni, na kwa Wakenya ambao kantri kwao ni muziki wa nyumbani kabisa, huu ndio bibi yake kantri. Ulikuwepo kabla ya redio na kabla ya santuri. Kwao ni milimani: magharibi mwa North Carolina, kusini-magharibi mwa Virginia, West Virginia, mashariki mwa Kentucky na mashariki mwa Tennessee. Wahamiaji kutoka Scotland, Ireland na Uingereza walikuja na fidla. Waafrika walioletwa kwa nguvu walikuja na banjo vichwani mwao, wakaiunda upya kwa vibuyu na ngozi walivyovikuta. Vitu hivyo viwili vilipokutana ndipo muziki huu ulipozaliwa. Wenyewe wanauita wa zamani, nami nitauita muziki wa kale.

Usiuchanganye na blugrasi. Blugrasi ilikuja miaka ya 1940 kwenye bendi ya Bill Monroe, hasa baada ya Desemba 1945, alipojiunga naye kijana Earl Scruggs aliyepiga banjo kwa vidole vitatu kwa kasi ya ajabu. Kwenye blugrasi kila mpigaji anapewa zamu ya kuonyesha ufundi wake, wenzake wakimpisha. Kwenye muziki wa kale hakuna zamu. Wote wanapiga lahani moja kwa pamoja: sehemu ya kwanza mara mbili, ya pili mara mbili, kisha tena tangu mwanzo, dakika tano, saba, kumi, mpaka anayeongoza anapoinua mguu wake hewani kuonyesha kwamba mzunguko huu ndio wa mwisho. Ukishauona mguu ule ukiinuka, umeuona muziki wa kale.

Mzee Jarrell, Round Peak

Round Peak ni jina la kilima na la watu wanaokizunguka, kaunti ya Surry, karibu na mji wa Mount Airy, kusini kidogo tu ya mpaka wa Virginia. Tommy Jarrell alizaliwa huko mwaka 1901. Baba yake, Ben Jarrell, alikuwa mpiga fidla aliyewahi kurekodi santuri mwaka 1927. Tommy mwenyewe hakuishi kwa muziki. Aliendesha greda la barabara za jimbo kwa miaka mingi, akastaafu 1966, na hapo ndipo fidla ilipomrudia kwa nguvu. Habari zake zikaenea. Vijana wakaanza kumiminika nyumbani kwake Toast, nje kidogo ya Mount Airy, kutoka pembe zote za Marekani na hata ng'ambo. Mzee akawakaribisha mezani, akawalaza, akawarudia wimbo uleule mpaka wakaushika. Mwaka 1982 serikali kuu ilipoanza kutoa tuzo ya taifa kwa mafundi wa sanaa za jadi, alikuwemo kwenye kundi la kwanza kabisa. Alifariki Januari 1985.

Ukimsikiliza, fuata mkono wake wa kulia. Upinde haukai juu ya uzi mmoja. Unabembea kati ya nyuzi mbili, mmoja ukibeba lahani, wa pili ukiunguruma pembeni bila kunyamaza. Ili hilo liwezekane, nyuzi zinatuniwa (yaani zinakazwa au kulegezwa zifikie noti fulani) tofauti na fidla ya kawaida: badala ya G, D, A, E, mara nyingi anaweka A, E, A, E, na fidla nzima inaanza kuitikia, hata nyuzi ambazo hakuna aliyezigusa. Halafu kuna jambo linalowatesa wanafunzi wake mpaka leo. Noti inaingia kabla kidogo ya pigo, kama mgeni anayeingia ndani hujamaliza kusema karibu. Ukijaribu kuihesabu, inakuponyoka. Mimi ilinichukua miezi kuelewa kwamba lazima niisikilize kwa mguu.

Kando yake alikaa Fred Cockerham na banjo isiyo na vyuma shingoni. Banjo za siku hizi zina vyuma vidogo vilivyopangwa kwenye shingo, kama gitaa, vinavyokuonyesha pa kubana. Ya Cockerham ilikuwa laini, na kidole chake kiliweza kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine kama sauti ya mtu anayelalamika. Kyle Creed, naye mtu wa maeneo hayohayo, alikuwa mpigaji na pia fundi wa kutengeneza banjo za namna hiyo. Sifa kuu ya Round Peak ni kwamba banjo haikai nyuma ya fidla. Inaibana lahani karibu noti kwa noti, mpaka unapata shida kujua ala ni moja au mbili.

Mzee Thompson, Mebane

Sasa shuka mlimani. Mji wa Mebane uko kando ya barabara kuu kati ya Greensboro na Durham, nami napita hapo karibu kila juma. Mlima huuoni. Mwenye kupenda usahihi wa ramani atasema hapa si Appalachia, ni nyanda za Piedmont zilizo chini yake, na atakuwa amesema kweli. Nimemweka Joe Thompson kwenye ulinganisho huu kwa makusudi. Ala ni zilezile mbili, dansi ni ileile, nyimbo nyingi ni zilezile. Ila kwake tunasikia upande ambao kampuni za santuri ziliuacha nje. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni hizo ziligawa orodha zao mara mbili, bluzi kwa Weusi na fidla kwa Weupe, na wapiga fidla Weusi waliojaa vijijini hawakurekodiwa ila wachache sana. Matokeo yake ni kwamba hadi leo watu wengi, na sisi Waafrika tukiwemo, wanadhani huu ni muziki wa Wazungu peke yao.

Thompson alizaliwa 1918. Babu yake, aliyezaliwa utumwani, alikuwa mpiga fidla. Baba yake, John Arch Thompson, naye vilevile. Joe alipopata fidla yake ya kwanza akiwa mtoto mdogo haikuwa na nyuzi, akachomoa waya kwenye wavu wa mlango, ule wa kuzuia wadudu, akazifunga. Baadaye yeye, kaka yake Nate na binamu yao Odell, waliokuwa wakipiga banjo, walikuwa wakiitwa kwenye dansi za vijijini na kwenye shughuli za kumenya mahindi baada ya mavuno, ambapo majirani hufanya kazi pamoja halafu usiku unakuwa wa kucheza. Mchana Joe alifanya kazi kwenye kiwanda cha samani. Dansi zile zilipokufa, ala ziliwekwa kando kwa miaka. Miaka ya 1970 mtafiti wa sanaa za jadi aliwafuata nyumbani akawaomba wazitoe tena, na Joe na Odell wakaanza maisha mapya, safari hii mbele ya hadhira za matamasha. Odell alifariki 1994. Joe alipata tuzo ileile ya taifa mwaka 2007, miaka 25 baada ya Jarrell, akafariki Februari 2012.

Mwaka 2005 kulifanyika mkutano wa wapiga banjo Weusi mjini Boone, huko milimani. Vijana watatu waliokutana hapo, Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson, wakawa wanakwenda kwa Mzee Thompson kila Alhamisi jioni kukaa naye na kupiga. Kundi walilounda, Carolina Chocolate Drops, lilikuja kupata tuzo ya Grammy. Kila nikipita Mebane nawaza ile sebule, mzee aliyeshapata kiharusi na kuinuka, akirudia wimbo mpaka mikono ya vijana iukubali.

Mlio wake ni mwingine kabisa. Upinde unakatwa mfupi mfupi, kwa nguvu, kama mtu anayepasua kuni nyembamba. Mapambo ni machache. Anapiga huku anaimba, na sauti yake ni pana, ya mtu aliyezoea kuimba uwanjani. Banjo ya Odell haijishughulishi sana na kila kona ya lahani. Inashika mdundo na kuuendesha. Tafuta wimbo wa jadi uitwao Georgia Buck walivyoupiga wao wawili. Ni mfupi, maneno ni machache, na kabla haujaisha mara ya kwanza utakuwa umeshaanza kupiga sakafu kwa kisigino.

Ukiwaweka kulia na kushoto

Kwa sikio la mgeni, Thompson anafunguka mapema. Unausikia mdundo kwanza, na sisi tuliolelewa na ngoma tunaingilia mlango huo bila kubisha. Jarrell anadai muda. Mara ya kwanza unasikia kelele nzuri iliyojaa, mara ya tano unaanza kuona kwamba ndani ya kelele ile kuna mtu anafanya mambo madogo madogo mia moja, na mara ya ishirini huwezi tena kuacha.

Kwa mwanafunzi anayetaka kukaa na wenzake kwenye duara, Jarrell ana faida kubwa ambayo sitaificha. Wale vijana waliokwenda Toast waliondoka na nyimbo zake wakazieneza. Leo ukiingia kikao cha muziki wa kale Seattle, London au Mount Airy penyewe, utakuta nyimbo za Round Peak, na mara nyingi zimepigwa kwa namna yake. Wimbo kama Sally Ann ukiujua kama Jarrell alivyoupiga, una kiti chako popote. Nyimbo za Thompson ni chache zaidi, na si kila duara linazijua, ingawa wanaozijua wanaongezeka tangu vijana wale watatu wazibebe jukwaani.

Kuna pia suala la rekodi. Jarrell alirekodiwa sana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa na Cockerham, akiwa na wageni wake, akiwa peke yake akizungumza na kucheka. Unaweza kumsikiliza miezi sita bila kurudia rekodi. Kwa Thompson utakuwa na rekodi za kuhesabika, lakini kwa anayeanza uchache huo ni baraka, maana hutapotea.

Ushauri wangu: mwezi wa kwanza kaa na Joe na Odell. Wapiga ngoma, wapiga gitaa, na yeyote ambaye muziki kwake huanzia kiunoni, hapo ndipo pao. Halafu panda kwa Jarrell na Cockerham na ukae huko. Ningemwambia tofauti mtu mmoja tu, yule aliyekwisha piga fidla ya taarabu au violini ya darasani: wewe nenda Round Peak moja kwa moja, kwa sababu sikio lako tayari linataka kazi ngumu ya upinde, na ukianza na Thompson unaweza kudhani kimakosa kwamba ni rahisi.

Wapo wengine, na siwezi kuwapita bila salamu. Anayependa kuimba kuliko kucheza amtafute Roscoe Holcomb wa Daisy, Kentucky, mtu wa migodi na viwanda vya mbao, aliyerekodiwa kwa mara ya kwanza na John Cohen mwaka 1959. Sauti yake ni ya juu, kavu, imekazwa kama uzi unaokaribia kukatika, na banjo inamfuata nyuma. Msikilize ukiwa peke yako, usiku. Anayependa lahani zisizonyooka, zenye pigo la ziada mahali usipotarajia, aende kwa ukoo wa Hammons wa kaunti ya Pocahontas, West Virginia. Na asiye na senti ya kununua chochote aende kwa Henry Reed wa Glen Lyn, Virginia. Mzee huyu alizaliwa 1884, na mwaka 1966 kijana mmoja mtafiti, Alan Jabbour, alimkuta akaanza kumrekodi. Rekodi hizo 184 ziko kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, unasikiliza bure kutoka popote ulipo. Kwa fidla peke yake, pasipo kitu kingine cha kukuvuruga, sijapata darasa bora kuliko hilo.

Ala: fidla au banjo

Hapa ndipo mtu wa Tanga aliponibana zaidi, kwa sababu yeye anataka kununua.

Fidla inaongoza. Duara la muziki wa kale lisilo na fidla linakuwa kama harusi isiyo na bibi harusi, watu wapo ila shughuli haijaanza. Mwenye fidla anachagua wimbo, anaweka mwendo, na mguu unaoinuka ni wake. Lakini fidla ni ngumu mwanzoni, na sitakudanganya. Shingoni hakuna alama yoyote. Kidole kikikosea kwa upana wa uzi, noti inaharibika. Upinde nao ni kazi ya pili inayojitegemea: ukibana sana unakwaruza, ukilegeza unapiga mluzi. Miezi mitatu ya kwanza jirani yako ataijua ratiba yako ya mazoezi.

Banjo inakupa kitu mapema. Vyuma vya shingoni vinakusaidia kupata noti safi tangu siku ya kwanza, na ukishaushika mkono wa kulia unaweza kukaa kwenye duara, nyuma, ukishika mdundo tu. Mkono huo wa kulia ndio kila kitu, kwa hiyo niueleze polepole. Mtindo wa muziki wa kale unaitwa klohama. Vidole vimekunjwa nusu, kama unataka kubisha hodi. Mkono wote unashuka, na ukucha wa kidole cha shahada au cha kati unaupiga uzi kwenda chini. Unashuka tena na kukwangua nyuzi kadhaa kwa pamoja, na wakati huohuo kidole gumba kimeshatua kwenye uzi wa tano, ule mfupi ulio upande wa juu, na kinauachia mkono unapoinuka. Pigo, mkwaruzo, gumba. Uzi ule mfupi haubanwi kabisa. Kazi yake ni kulia noti moja ileile ya juu wakati wote. Hakuna kidole kinachovuta uzi kwenda juu. Wapiga gitaa wa kwetu, waliozoea kuchomoa nyuzi kwa ncha za vidole, hapo ndipo wanapokwama, kwa sababu mkono unataka kurudi kwenye mazoea. Uukataze. Wiki mbili za kupiga uzi mmoja tu kwenda chini, huku unafikiria mambo mengine, zinafaa kuliko nyimbo kumi zilizojifunzwa vibaya.

Mkono huo una historia yake. Wajola wa Senegal na Gambia wana ala iitwayo akonting: kibuyu, ngozi, mpini mrefu, nyuzi tatu, mmoja kati yake mfupi. Wanaupiga uzi mrefu kwa ukucha kwenda chini, na gumba linajibu kwenye ule mfupi. Mgambia Daniel Laemouahuma Jatta ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuwaonyesha watafiti wa banjo jambo hilo. Ni Afrika Magharibi, si pwani yetu, na napenda tuwe wakweli kuhusu hilo. Sisi tuna zeze na gambusi, ambazo njia zake ni nyingine. Hata hivyo nilipoona kwa mara ya kwanza mkono wa mpiga akonting, halafu nikatazama mkono wa mzee aliyekaa mbele yangu Mount Airy, nilikaa kimya muda mrefu. Bila shaka watu wengi waliobeba mkono ule kuvuka bahari hawakuwa na kingine cha kubeba.

Kwa hiyo, kama hujawahi kushika ala yoyote, anza na banjo. Tommy Jarrell mwenyewe, tunayemkumbuka kwa fidla, alianza na banjo akiwa mtoto, fidla ikafuata. Mwenye mkono wa banjo anaijia fidla akiwa tayari na mdundo mwilini, na mdundo ndio nusu ya kazi ya upinde.

Kuhusu fedha, mambo yanageuka. Hapa Marekani fidla ni rahisi kuipata: maduka mengi yanakodisha kwa mwezi, kwa sababu ya wanafunzi wa shule wanaopiga violini, na unaweza kuirudisha ukishindwa. Banjo hazikodishwi hivyo, mara nyingi inabidi ununue. Na kabla hujanunua, sikiliza kilichonipata mimi. Nilikwenda dukani nikasema nataka banjo. Muuzaji hakuniuliza ya muziki gani, akanipa banjo kubwa, nzito, yenye sahani ya mbao iliyofunikwa mgongoni, pamoja na kucha za chuma za kuvaa vidoleni. Nililipa akiba ya miezi minne. Ile ni banjo ya blugrasi. Sahani ya mgongoni inarusha sauti mbele kwa ukali ili ipenye bendi nzima. Ukiileta kwenye duara la watu watano inamfunika mwenye fidla, na baada ya wimbo mmoja utaona nyuso zimeinama. Niliiuza kwa hasara. Unachotaka ni banjo ya nyuzi tano iliyo wazi mgongoni: ukiigeuza uone ndani, uone ngozi kwa nyuma. Sema hivyo dukani, kwa maneno hayo. Usichukue yenye nyuzi nne, hiyo ni ya muziki mwingine.

Jambo lingine linalohusu banjo ni kutuni. Karibu kila ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, una mpangilio wake wa nyuzi, na kwenye duara unatuni upya wimbo ukihama kutoka A kwenda D. Ndiyo maana vikao vizuri vinakaa kwenye ufunguo mmoja kwa saa nzima au zaidi. Kama huna subira na masikio, fidla haitakuponya, ila itakusumbua mara chache kidogo.

Kama unaweza kusafiri

Kwa walio Marekani, matamasha matatu. Mount Airy, mwanzoni mwa Juni, ni la karibu zaidi na nyumbani kwa Jarrell, na ndilo ningemtuma mgeni: ni dogo kiasi, unatembea kati ya mahema na kusimama nyuma ya kiti cha yeyote. Galax, Virginia, mwezi Agosti, lilianza 1935 na ni kubwa, la mashindano, blugrasi na muziki wa kale pamoja; uzuri wake uko kwenye maegesho ya magari kuliko jukwaani. Clifftop, West Virginia, lililoanza 1990, ndilo la wapenzi wa kweli. Watu wanapiga kambi juma zima, na vikao haviishi mpaka alfajiri. Eneo lenyewe, Camp Washington-Carver, lilifunguliwa 1942 kama kambi ya vijana Weusi wakati wa ubaguzi. Nenda mwaka wa pili, ukishakuwa na nyimbo kumi mkononi.

Adabu ni moja kote. Unasimama nje ya duara, unasikiliza. Ukiujua wimbo unapiga kwa sauti ya chini. Kiti kikiwa wazi, unasubiri ukaribishwe. Mara yangu ya kwanza mzee mmoja aliniona nahesabu kwa midomo, akanigusa goti, akasema, "Acha kuhesabu, mwanangu. Tazama upinde." Nikautazama usiku mzima.

Na uliyeko nyumbani

Rafiki yangu wa Nairobi, na yeyote aliyeko Mombasa, Dar au Unguja, kwenu jibu langu la ala linageuka. Banjo ya nyuzi tano ni adimu huko. Mwaka 2005 Béla Fleck, mpiga banjo Mmarekani, alikuja nayo Tanzania, akapiga na mwanamuziki wa huko Anania Ngoliga, na waliowasikia wanakumbuka jinsi zilivyoelewana. Lakini Fleck anapiga kwa vidole vitatu kama Scruggs, si klohama, na banjo yake aliondoka nayo. Fidla, kwa upande mwingine, mnayo. Taarabu imeilea kwa miaka mingi, na Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy ambapo unaweza kukaa mbele ya mwalimu wa fidla anayezungumza lugha yako. Jifunze kwake kushika upinde na kutoa mlio safi. Usimwambie akufundishe Round Peak, mwambie akufundishe fidla.

Ukirudi nyumbani jioni, usijaribu kupandisha nyuzi mbili za chini ili upate A, E, A, E. Nyuzi zikizeeka zinakatika, na kupata nyingine huko ni safari. Fanya kinyume. Shusha uzi wa A uwe G, na uzi wa E uwe D. Sasa una G, D, G, D, uhusiano uleule kati ya uzi na uzi, ila fidla nzima imeshuka kidogo. Weka upinde juu ya nyuzi mbili za juu kwa pamoja, vuta polepole bila kubana chochote, usikilize zile mbili za chini zikianza kuitikia. Kisha mfungulie Mzee Jarrell kwenye simu. Yeye atakuwa juu yako kwa hatua moja nzima, kwa hiyo usipige naye. Msikilize kipande kidogo, simamisha, ukitafute.